Doa lililodhaniwa damu: Nafuna na kazi ya kulinda sakafu Ruiru

Saa moja asubuhi, Bridget Nafuna anamwagilia saruji.

Hajagusa nyasi wala yale mawaridi yaliyopangwa kwenye vyungu ukutani. Ameshika mpira wa maji na anainyunyizia veranda ya nyumba hii ya Ruiru polepole, kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi, mpaka sakafu yote inageuka rangi na kuwa kama wingu la mvua.

"Saruji kavu ina kiu," anasema bila kuinua kichwa. "Chochote kikiiangukia kwanza, inakinywa. Sasa mimi huipa maji ikashiba. Mbolea ikiangukia sakafu iliyoshiba haishiki, unaiosha inaenda."

Kisha anatandaza karatasi ya nailoni juu ya ngazi za mbao na kukunja kingo zake ziinuke kama ukingo wa sinia. Beseni la kuchanganyia mbolea ya maji analiweka kwenye nyasi, mbali na sakafu. Anatazama majani ya mparachichi wa jirani. Yanatikisika. Anakaa chini, anangoja upepo utulie.

"Wengine huniona mvivu nikikaa hivi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu kidogo. "Wacha waone."

Upepo ukishatulia, anachukua jagi lenye mdomo mrefu na kulisha chungu kimoja baada ya kingine, mdomo wa jagi ukigusa udongo. Tone moja likitoroka analifuata na maji hapo hapo, analisukuma hadi kwenye nyasi. Hakuna kinachoachwa kikauke.

Kwa mpita njia, haya yote yanaweza kuonekana kama kazi ya mtu asiye na kazi. Nafuna mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, aliwahi kufikiri hivyo. Alibadilika Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, miaka mitano iliyopita, kule Mugutha, mbolea aliyoimwaga yeye ilipokaribia kumfanya mtu amuue ndugu yake.

Nafuna alizaliwa Kimilili. Ndoa yake ilipovunjika alipanda basi na binti yake mdogo, Mitchell, akafikia kwa rafiki aliyepanga chumba Githurai 45. Baadaye akapata kazi katika shamba la maua upande wa Thika. Alifanya kazi humo miaka mingi, akijifunza kuchanganya mbolea, kusoma rangi ya majani, kujua ua linalolia njaa na ua linalolia kiu.

"Njia za saruji kule ndani zilikuwa nyekundu kama kutu," anakumbuka. "Hakuna aliyeuliza kwa nini. Pale maua ndiyo mali, sakafu ni ya kukanyaga tu."

Shamba lilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Ndipo akapata kazi ya bustani kwa Mzee Kang'ethe, dereva wa lori aliyestaafu, na mkewe Idah, ambaye huuza vitambaa sokoni Ruiru.

Siku ya kwanza Idah alimtembeza boma zima. Alimwonyesha sukuma wiki, ndizi, na nyasi za ng'ombe. Mwisho akamteremsha hadi pembeni mwa shamba, palipokuwa na kaburi la terazo nyeupe, saruji ya vijiwe iliyosuguliwa ikang'aa, limezungukwa na mawaridi. Kando yake kulikuwa na benchi la mkaratusi alilolichonga Kang'ethe kwa mikono yake.

"Huyu ni Emmah," Idah akasema, kama anayemtambulisha mtu aliyesimama pale. "Maua ya huku usiyaache yakauke. Mengine yote yakikauka ni sawa."

Emmah alikuwa mtoto wao wa pekee. Aligongwa na gari akivuka barabara kuu pale Witeithie, akiwa mwaka wa pili chuoni. Idah aliitwa kwa simu, na akafika kabla barabara haijaoshwa.

Kaburi lile lilikuwa limezua jambo lingine. Njau, mdogo wake Kang'ethe, alitaka shamba la familia ligawanywe ploti na kuuzwa, kama majirani wengi wa Mugutha walivyofanya. Lakini wanunuzi walikuwa wakifika, wakiona kaburi wanarudi. Maneno makali yakapita kati ya ndugu hao. Nafuna alipoajiriwa, Kang'ethe na Njau walikuwa hawasalimiani, ingawa mageti yao yalitazamana.

Mwezi ule wa Novemba majani ya mawaridi yalianza kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Nafuna alijua dalili ile. Alinunua mbolea ya maji yenye madini ya chuma, na Jumamosi alasiri akaiteremsha kaburini.

Alihitaji mahali tambarare pa kuchanganyia. Terazo ilikuwa tambarare kuliko kila kitu kilichokuwa pale, kwa hiyo aliweka jagi juu yake. Kisha akachukua bomba la kupulizia, upepo ukivuma, na matone yakatua kila mahali: kwenye jiwe, kwenye kingo zake, kwenye benchi.

"Yalikuwa kama maji tu," anasema. "Nikajua yatakauka kama maji. Nikaosha mikono nikaenda nyumbani."

Usiku mvua ya rasharasha ikanyesha.

Asubuhi Idah alivaa nguo zake za kanisa na kuteremka kumwona mwanawe kwanza, kama alivyozoea kila Jumapili. Jiwe jeupe lilikuwa na mabaka mekundu ya kahawia juu yake, na michirizi ya rangi hiyo hiyo ilikuwa imeteremka ubavuni. Benchi lilikuwa na madoa meusi kama lililounguzwa.

"Sikuona kaburi," Idah anasema leo, akiwa amekaa nje ya nyumba yake huko Mugutha. "Niliona ile lami tena. Niliona mtoto wangu pale chini kama siku ile. Sikumbuki kulia, ni watu waliniambia nililia."

Majirani walikuja mbio. Mmoja akasema ni damu ya kuku. Mwingine akasema hapana, kuku hana damu yote hiyo, huyo ni mbuzi. Neno laana likatajwa, na lilipotajwa hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani alikuwa na sababu ya kulitaka kaburi lile liondoke.

Kang'ethe aliingia stoo, akatoka na panga, akavuka barabara hadi getini kwa Njau.

Nafuna alikuwa ndiyo kwanza anafika kukata nyasi za ng'ombe. Alisikia kelele, akateremka mbio kaburini. Katikati ya lile baka kubwa aliona duara, safi, kama limechorwa, na ukubwa wake ulikuwa ule ule wa kitako cha jagi lake.

"Lile duara lilikuwa la jagi langu," anasema. "Nilijua hapo hapo. Ningeweza kunyamaza. Wale ni ndugu, mimi ni mtu wa kuja, na kazi nilikuwa naihitaji. Mitchell alikuwa darasa la saba. Lakini nilimsikia Njau akisema, 'Piga basi, kama ni kupiga.' Nikakimbia."

Alipofika, Njau alikuwa amesimama getini kwake akiwa na shati lisilofungwa vifungo. Panga lilikuwa juu. Nafuna akajitupa katikati.

"Baba Emmah, si damu! Ni dawa ya maua!"

"Toka hapo, mama."

"Ni mimi nilimwaga! Ni mimi, jana! Njau hajakanyaga kule!"

"Amekulipa ngapi useme hivyo?" Kang'ethe aliuliza, na sauti yake, Nafuna anasema, ilikuwa ya chini kuliko alivyowahi kuisikia.

"Nani alipe?" Njau akapaza sauti. "Mimi nichinje kitu kwa kaburi la mtoto niliyembeba mgongoni? Kwani wewe unanionaje?"

Nafuna aliona rundo la matofali ya saruji kando ya geti la Njau. Akamwomba jirani mmoja akalete chupa ya mbolea kutoka kwenye kibanda cha zana. Mbele ya wote, akamimina kidogo juu ya tofali moja na kuliweka juani.

"Ngojeni," akawaambia. "Isipokuwa nyekundu, mnifanyie mnalotaka."

Wakangoja. Kengele ya kanisa ililia na hakuna aliyeondoka. Kang'ethe alikaa juu ya jiwe na panga magotini. Njau alikaa kizingitini mwa geti lake. Mwanzoni lile tone lilikuwa na rangi ya majani yaliyochemshwa, na mtu mmoja akaguna. Nafuna alikuwa akiomba kimya kimya kwa lugha ya kwao. Kisha kingo za tone zikaanza kuwa manjano, halafu machungwa. Jua lilipopanda, tofali lilikuwa na kovu la rangi ile ile iliyokuwa kaburini.

Kang'ethe aliinama. Akaligusa kwa kidole, akanusa.

"Chuma," akasema.

Aliweka panga kwenye nyasi. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Njau aliinuka. "Muru wa maitu," akasema, akimwita kwa Kikuyu, mwana wa mama yangu. "Kumbe unaweza kuniwazia hivyo."

Njau akaingia ndani na kufunga geti. Hakulibamiza. Nafuna anasema ilikuwa afadhali angelibamiza.

Baadaye kidogo Kang'ethe alimgeukia yeye. "Enda nyumbani," alimwambia. "Usirudi."

Nafuna alitembea hadi barabara kuu akilia. Hakumlaumu.

Jumatatu, akina mama wa kanisa walikuja na klorini ya kufulia nguo na kuimwaga juu ya jiwe wakidhani wanamsaidia Idah. Madoa hayakutoka. Yalizidi kukolea, kama yaliyopigwa muhuri.

Siku hiyo hiyo Nafuna alikuwa Thika, akiingia duka moja baada ya lingine la vifaa vya ujenzi, akiuliza swali ambalo wengi walilicheka. Duka la mwisho lilikuwa la Akoth, mwanamke aliyekuwa amefanya kazi ya kupaka rangi majumba kwa miaka mingi kabla ya kufungua biashara yake.

"Hakucheka," Nafuna anasema. "Aliuliza, 'Ni sakafu ya nani?' Nikamwambia ni kaburi. Akafunga kitabu chake cha risiti, akanivutia kiti."

Akoth anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Alikuwa ameshazunguka maduka yote," anasimulia dukani kwake. "Nilimwambia kutu haiogopi klorini, inaogopa uchachu. Atumie limau, au ule unga wa asidi ya limau, kidogo kidogo, kwa brashi laini. Lakini asikae nao muda, kwa sababu uchachu unakula terazo pia. Nikamwambia hata ukitoa doa lote, usipolifunga lile jiwe, kesho litakunywa tena."

Dawa ya kulifunga inaitwa sila. Hupakwa juu ya saruji ikauke na kuziba vinyweleo vyake. Kwa mbao kuna mafuta yake, yanayoingia ndani na kuacha maji nje. Akoth alimpa kopo la sila lililokuwa limebaki nusu na hakutaka kusikia habari ya malipo.

Jumanne asubuhi Nafuna alisimama getini kwa Kang'ethe na mfuko wa malimau. Aliyefungua ni Idah.

"Mzee ameenda mjini," Idah akasema.

"Mama Emmah, nimekuja kuosha. Nikimaliza nitaenda."

Idah akaufungua mlango wa geti zaidi.

Nafuna alipiga magoti na kuanza. Alilowesha jiwe kwanza, kama Akoth alivyomwagiza, akakamua limau, akasugua sehemu ndogo, akaosha, akarudia. Idah alisimama nyuma yake. Baada ya muda akavua leso aliyojifunga, akaikunja, akapiga magoti upande wa pili, akachukua nusu ya limau.

Wakiendelea kusugua, Idah akaanza kuzungumza. Alisimulia jinsi Emmah alivyochukia kuamka asubuhi, jinsi alivyokuwa akipika chapati nene kama godoro, na jinsi alivyopiga simu mara ya mwisho na yeye mama yake asiipokee kwa sababu alikuwa na mteja. Majirani wanasema tangu mazishi hakuwa amelitaja jina la mwanawe mbele ya mtu isipokuwa kumwonyesha kaburi.

"Wewe umezika," Idah alimwambia Nafuna ghafla. Halikuwa swali.

"Nimezika."

"Nilijua. Mtu ambaye hajazika hashiki jiwe hivyo."

Ndipo Nafuna akamweleza habari za Wanjala, kifungua mimba wake, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka sita. Alizikwa Kimilili, nyumbani kwa baba yake. Mwaka uliofuata ndoa ikavunjika kwa maneno mabaya, na jamaa za mume wakamwambia asikanyage tena pale. Tangu hapo hakuwa amekanyaga.

"Hajui mahali pa mtoto wake pamekuwaje," Idah anasema sasa, na anafuta macho kwa kiganja. "Na alikuwa amepiga magoti kwa wangu."

Siku ya tatu Kang'ethe aliwakuta. Alisimama, akatazama jiwe lililokuwa limeanza kuwa jeupe, akarudi nyumbani. Nafuna akakusanya vitu vyake, akajua ameisha. Lakini mzee alirejea na karatasi ya msasa, akaketi chini kando ya benchi, akaanza kusugua madoa meusi. Mbao za mkaratusi zikikutana na chuma huwa nyeusi hadi ndani, na pamoja na limau na msasa sehemu moja ilikataa kabisa. Ipo hadi leo, upana wa kiganja.

"Iache," Idah alimwambia mumewe. "Umeshasugua vya kutosha."

Jua lilipokaribia kuzama, Kang'ethe akamwambia Nafuna, "Jumamosi uje kama kawaida."

Kuhusu Njau, mambo hayakuwa mepesi. Msimu wa Krismasi ulipita mageti yakiwa yamefungwa. Siku ya Pasaka, Kang'ethe alichungulia dirishani na kumwona mdogo wake ameketi peke yake kwenye lile benchi, kofia mkononi. Hakutoka. Alimimina chai kikombeni na kumpa Idah apeleke.

Siku hizi wanasalimiana, na kuuza shamba hakuzungumziwi tena. Lakini Kang'ethe bado hajaingia nyumbani kwa Njau, wala Njau kwake.

"Doa la saruji lilitoka kwa wiki mbili," Nafuna anasema. "Lile lingine bado wanalisugua."

Idah ndiye aliyesambaza habari za Nafuna kwa akina mama wa kanisa. Ruiru inajengwa kila kona, na watu wanaohamia kwenye nyumba mpya wanataka maua. Wanayapanga kwenye veranda, kwenye roshani, kwenye ngazi za mbao, halafu baada ya miezi michache wanaona duara jekundu chini ya kila chungu.

Nafuna huenda kabla ya hapo. Hupaka sila sakafu ikiwa safi na kavu, hupaka mbao mafuta, huweka sahani chini ya vyungu na kuviinua kwa vijiwe ili maji yasituame. Kisha huwafundisha wenye nyumba kulisha maua bila kuilisha sakafu. Sasa ana wateja Ruiru na Thika, na Nekesa, mwenzake wa zamani katika shamba la maua, hufanya kazi naye.

Mwezi mzuri humpa kama shilingi elfu ishirini na tano. Mwezi wa mvua ndefu haufiki nusu ya hizo, kwa sababu sila haipakwi kwenye sakafu yenye unyevu. Vidole vyake vimepasuka kwa asidi ya limau. Anavaa glavu, lakini anasema mikono ilishaharibika kabla hajajua.

"Wengi hunipigia doa likiwa limeshakaa," anasema. "Namwambia mtu, nitajaribu, lakini siwezi kukuahidi. Akiniita mapema, hakuna kitakachotokea, na mtu hapendi kulipia kitu ambacho hakijatokea. Hiyo ndiyo shida ya kazi yangu."

Jumamosi moja kila mwezi hateremki Ruiru mjini wala Thika. Huenda Mugutha, hutunza yale mawaridi, na kila mwaka kabla ya mvua hupaka jiwe la Emmah sila mpya. Kwa kazi hiyo hapokei malipo. Idah ameacha kubishana naye.

Mwezi wa Julai simu yake iliita akiwa kazini. Ilikuwa namba asiyoijua. Aliyepiga ni shemeji yake, mdogo wa aliyekuwa mumewe. Alimwambia mama mkwe amefariki, kwamba kabla ya kufa alimtaja, na kwamba akitaka kuja kumwona mtoto wake, hakuna atakayemfungia njia.

Nafuna hakumaliza chungu alichokuwa akilisha. Aliketi kwenye ngazi, na Nekesa ndiye aliyefuata matone kwa maji.

Amepanga kusafiri mwezi wa Desemba, shule zikishafungwa, pamoja na Mitchell, ambaye alikuwa mchanga mno kumkumbuka kaka yake. Idah amesema ataenda nao. Kang'ethe alijitolea kununua saruji na terazo nyeupe kama ile ya Emmah, na akasema anamjua fundi.

Nafuna alimshukuru, akakataa.

"Sitaki jiwe," anasema, akikunja karatasi yake ya nailoni, kwa kuwa mteja wa pili anamngoja. "Nitaondoa magugu, nitapanda nyasi. Nyasi hazitaki mbolea. Zinataka mtu wa kuja kuziangalia, na sasa nimeruhusiwa kuja."